Majibu ya 1 kwa 85: nipimwe damu kwa NIPT au nichotwe maji ya uzazi?

MwanaPwani38 (mwanzisha mada)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Uingereza, nina umri wa miaka 38, na mimba yangu ya tatu imefika wiki ya 13. Nilikubali kile kipimo cha pamoja ambacho wajawazito hupewa na NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya hapa, kati ya wiki ya 10 na ya 14, yaani altrasaundi inayopima unene wa majimaji nyuma ya shingo ya mtoto, pamoja na damu ya mama inayopimwa vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo. Majibu yamesema kwamba uwezekano wa mtoto kuwa na sindromu ya Down, yaani kuwa na kromosomu ya 21 ya ziada, ni 1 kwa 85. Kwa kuwa mpaka unaotumika hapa ni 1 kwa 150, nimehesabiwa miongoni mwa wenye uwezekano mkubwa, na mkunga amenieleza kwamba nina njia tatu: kuishia hapa nisipime tena, kupimwa damu kwa NIPT (kipimo kinachotafuta DNA ya mimba katika damu ya mama), au kwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha kuthibitisha, ambacho kwa sasa ni kuchukuliwa chembe za kondo na, kuanzia wiki ya 15, ni amniosentesisi, yaani kuchomwa sindano tumboni na kuchotwa maji ya uzazi.

Mume wangu hataki kabisa kusikia habari ya sindano. Mimi, kwa upande wangu, sioni faida ya kutoa damu halafu nikaambiwa tena "huenda". Naomba waliopitia haya, au wanaoyafahamu kwa kazi yao, wanieleze walichagua nini na kwa sababu gani. Ushauri wa kufuata moyo wangu nimekwisha kuupata wa kutosha.

Mkunga_Mstaafu

Hongera kwa mimba, mdogo wangu. Kabla ya kulinganisha vipimo, tuisome kwanza hiyo namba, kwa sababu nimewaona kina mama wengi wakiisikia kana kwamba ni hukumu. Maana yake ni kwamba tukiwakusanya wanawake 85 wenye majibu kama yako, 84 kati yao wamebeba watoto wasio na sindromu ya Down. Umri nao umo ndani ya hesabu hiyo: kwa mama wa miaka 20 uwezekano ni takriban 1 kwa 1,500, na kwa mama wa miaka 40 ni takriban 1 kwa 100, hata kabla ya kipimo chochote.

Sasa NIPT. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba katika damu ya mjamzito huelea vipande vya DNA vinavyotokana na mimba, vikiwa vimechanganyika na vya mama mwenyewe ambavyo ndivyo vingi. Maabara huvihesabu, na vipande vya kromosomu ya 21 vikizidi kiasi kinachotarajiwa, majibu huandikwa kuwa uwezekano ni mkubwa. Kipimo hiki hugundua takriban mimba 99 kati ya 100 zenye sindromu ya Down, jambo ambalo kipimo cha pamoja hakilifikii. Hata hivyo, vipande hivyo hutoka kwenye kondo, wala si kwenye mwili wa mtoto, na hutokea mara chache kondo likawa na chembe zenye kromosomu ya ziada ilhali mtoto hana. Ndiyo sababu hakuna daktari makini atakayeyachukulia majibu ya NIPT kuwa ya mwisho. Kwa mama ambaye tayari ana uwezekano mkubwa kama wako, takriban tisa kati ya kumi wanaopata majibu mabaya huthibitishwa baadaye. Kwa msichana wa miaka 22 asiye na dalili yoyote kiwango hicho hushuka sana, ingawa mashine ni ileile na damu imepimwa kwa namna ileile.

Amniosentesisi hujibu swali jingine. Maji ya uzazi yana chembe zilizobanduka kwenye ngozi na njia ya mkojo ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo kinachohesabiwa ni kromosomu zake. Daktari huongoza sindano akitazama altrasaundi, huchota mililita 15 hadi 20, na kazi huisha ndani ya dakika chache. Hofu ya mumeo ina msingi, lakini namba anayoifikiria huenda ni ya zamani: kwa miaka mingi tuliwaambia wagonjwa kwamba mimba 1 kati ya 100 huharibika kwa sababu ya sindano, ilhali mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2021 unasema hatari hiyo, mikononi mwa mwenye uzoefu, yaelekea iko chini ya 1 kwa 200. Ni ndogo, lakini si sifuri, na hakuna anayeweza kukuambia mapema kama utakuwa wewe.

Maoni yangu ni kwamba uanze na damu, kwa sharti moja. Uliza unene wa majimaji ya shingo ulikuwa milimita ngapi. Kama ni 3.5 au zaidi, ningekushauri uzungumze na daktari bingwa kuhusu kuruka NIPT, kwa maana NIPT ya NHS huangalia kromosomu tatu tu, za 21, 18 na 13, na shingo nene inaweza kuashiria kasoro nyingine za vinasaba au za moyo ambazo kipimo hicho hakizioni.

BabaWawili_Nrb

Naungana na Shangazi Mkunga, ila ningeongeza suala la kalenda, ambalo wengi hulipima kwa wepesi. Sisi tuko Nairobi, na NIPT tuliilipia wenyewe. Damu ilisafirishwa nje ya nchi. Majibu ya kwanza yaliporudi hayakusema ndiyo wala hapana: DNA ya mtoto iliyokuwa katika sampuli ilikuwa kidogo mno, jambo linalotokea zaidi pale mama anapokuwa na uzito mkubwa au damu inapotolewa mapema mno. Tukarudia, tukasubiri tena, na kila wiki iliyopita ilikuwa inaondoka kwenye wiki za kuamua. Anayeanza na damu ajue tangu mwanzo kwamba anaweza kuishia kwenye sindano vilevile, akiwa amechelewa.

Jambo la pili, amueni mapema mtayafanyia nini majibu. Kwetu, kifungu cha 26(4) cha Katiba ya mwaka 2010 hakiruhusu kutoa mimba isipokuwa kwa dharura ya matibabu, au pale maisha au afya ya mama iko hatarini, au pale sheria nyingine inaporuhusu. Kwa hiyo sisi tulitaka kujua ili tujiandae: karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kuna tofauti kubwa kati ya kujifungulia mahali penye daktari wa moyo wa watoto na kujifungulia mahali ambapo atatafutwa baadaye. Kwa lengo kama hilo, sindano haikuwa na haraka, na NIPT ilitutosha.

MkeMwema_Mvita

Assalaam alaykum, dada. Mimi nilikuwa na umri kama wako, na jambo lililonisaidia ni kuhesabu siku kabla ya kuchagua kipimo. Wanavyuoni wengi huzitaja siku 120 kuwa ndipo mtoto hupuliziwa roho, na baada ya hapo mlango wa ruhusa hufungwa isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Madaktari nao huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki mbili kabla ya mimba kutunga, kwa hiyo siku 120 huangukia kama wiki ya 19 ya hesabu yao. Ukitoa damu sasa na majibu yakichukua kama wiki mbili, sindano ikafuata wiki ya 16, bado una nafasi ya kukaa na mumeo na kumuuliza mwanachuoni mnayemwamini. Silitaji hili kwa kukuelekeza popote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuamua kuendelea na mimba, lakini nilitaka uamuzi uwe wangu, usiwe wa tarehe iliyonipita.

AS_na_AS

Samahani kwa kuingiza jambo la pembeni kidogo. Je, wewe na mume wako mmepimwa selimundu? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4. NIPT ya kawaida haiuoni kabisa, hata ikirudi safi. Sisi ni wabebaji wote wawili. Tulichagua kuchukuliwa chembe za kondo wiki ya 12, kwa kuwa tulikuwa na swali ambalo damu ya mama isingelijibu. Kama nanyi mko hivyo, sindano moja inaweza kujibu maswali yote mawili.

MwanaPwani38

Ahsante kwa kukumbusha. Mimi ni AS, yaani mbebaji, lakini mume wangu alipimwa mwanzoni mwa mimba hii, naye ni AA, si mbebaji. Hilo halitusumbui.

Tulia_Kwanza

Nitatofautiana nanyi kidogo. Njia ya kwanza aliyoitaja, ya kutopima tena, imepitwa kimyakimya kana kwamba ni ya watu wasioelewa. Mimi niliichukua nikiwa na miaka 41. Nilijua kwamba sitavunja mimba kwa jibu lolote, na nilijua kwamba altrasaundi ya wiki ya 20 ingeutazama moyo wa mtoto hata bila sindano. Kwa nini nibebe hofu ya miezi kadhaa kwa taarifa ambayo isingebadili ninachofanya?

Mkunga_Mstaafu

Hoja yako ina uzito, Tulia, na NHS yenyewe inamwachia mama hiari ya kukataa katika kila hatua bila kuhojiwa. Ninaweka angalizo moja tu: watoto wengi wenye sindromu ya Down hawaonyeshi dalili yoyote katika altrasaundi ya wiki ya 20, na baadhi ya kasoro za moyo huipita. Anayeacha vipimo aache akijua hivyo, asiache akidhani picha itamwambia yote.

MwanaPwani38

Nimeuliza kipimo cha shingo: milimita 2.1. Mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba kesho nitoe damu ya NIPT. Majibu yakirudi na uwezekano mdogo tutaishia hapo; yakirudi vinginevyo, au yasipopatikana, amekubali sindano kuanzia wiki ya 15, na tayari nimemwomba mkunga anitafutie nafasi isije ikakosekana. Swali la mwisho: kundi langu la damu ni O hasi. Je, hilo linabadilisha chochote?

Mkunga_Mstaafu

Kwa NIPT halibadilishi. Kwa amniosentesisi linabadilisha: sindano inaweza kuchanganya damu yako na ya mtoto, na mtoto akiwa chanya mwili wako unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu yake na ya watoto watakaofuata, kwa hiyo utapewa sindano ya anti-D, dawa ya kuzuia hilo, ndani ya saa 72. Mkumbushe daktari siku hiyohiyo, usimsubiri akuulize. Hakikisha pia kwamba ameyaona majibu yako ya VVU na homa ya ini aina ya B. Mama mwenye VVU hushauriwa kungoja hadi virusi vishuke kufikia kiwango kisichoonekana kwenye kipimo. Baada ya sindano, maumivu mepesi kama ya hedhi ni ya kawaida kwa siku moja au mbili, lakini ukiona maji yakivuja ukeni, damu nyingi, homa au mkazo usiokoma, piga simu wodi ya uzazi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.