Gofu la bibi Pangani: mawe yake yanafaa kujengea tena?

Mjukuu_wa_Pwani: Wakuu, salaam. Tumeachiwa gofu la nyumba ya mawe na chokaa Pangani mjini. Kuta mbili zimelala, mbili zimesimama, unene wake kama dhiraa. Nataka kujenga vyumba vitatu papo hapo. Fundi anasema hayo mawe ni kifusi, nikodi fuso yakatupwe, tupandishe tofali za saruji za inchi sita. Rundo ni kubwa, roho inauma. Yanafaa? Na kama yanafaa, nitumie saruji au chokaa?

Kokoto_Nyeusi: Fundi wako anapigia hesabu tripu mbili, ya kutoa mawe na ya kuleta tofali. Ponda yote yawe kokoto ya zege, kwisha.

Mzee_Chokaa: Hilo la kokoto usilifuate, mjukuu wangu. Mawe hayo miaka yote yanakunywa chumvi ya bahari. Ukiyatia kwenye zege lenye nondo, nondo zinashika kutu, zinavimba, zege linapasuka. Za lenta nunua kokoto nyingine.

Mahali pake ni ukutani. Yalijengewa chokaa, ndiyo maana yanabanduka mazima. Ingekuwa saruji ungevunja jiwe lenyewe. Gonga moja moja kwa nyundo: lenye mlio mkali ni zima, lenye sauti bubu litajazia katikati. Kisha lilambe (cheka tu). Likiwa chumvi tupu, liache nje masika yalioshe. Chokaa ndoo moja, mchanga wa mto ndoo tatu, wa ufukweni usiuguse. Chokaa, hata ya mfuko, iloweke mapema. Na jiwe lilowe kabla hujalilaza, la sivyo litafyonza maji yote ya mchanganyiko huo wa chokaa. Usiwe na pupa: kimo cha goti kwa siku kinatosha.

Dada_wa_Malindi: Naunga mkono. Pita Mji Mkongwe Zanzibar uangalie kuta za mawe zilizopigwa lipu ya saruji: rangi imevimba kwa chini, lipu inadondoka mapande. Unyevu unapanda toka ardhini, kwenye chokaa ungejitokea wenyewe. Saruji imeuzibia njia. Mawe yakipungua, nunua ya machimbo ya nchi kavu. Matumbawe ya baharini waachie samaki.

Mswahili_Sheria: Kabla ya nyundo, nyumba ni ya lini? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Na kibali cha ujenzi halmashauri kiko palepale.

Mjukuu_wa_Pwani: Ilijengwa enzi za Mwingereza, bibi alikuwa mtoto. Shukrani nyote. Mzee, shida fundi wangu hajawahi kushika chokaa.

Mzee_Chokaa: Ulizia mafundi wanaokarabati misikiti ya zamani. Huyo wako mpe jamvi (zege la sakafu) na bati, ukuta asiuguse.