Hudaibiya ilikuwa Umra au vita? Nisaidieni, nyumbani pamechafuka

Mama Dagaa, Kibirizi
Assalaam alaykum. Jana jioni tunaanua dagaa, binti yangu wa madrasa ananisomea daftari lake: vita vya Mtume (s.a.w.), Badri, Uhudi, Handaki, halafu Hudaibiya. Nikamwambia hiyo futa, Hudaibiya, pale karibu na Makka, watu walikuwa wanakwenda Umra, ile hija ndogo. Akagoma, eti ustadhi ndivyo alivyoandika ubaoni. Baba yake naye kama kawaida yuko upande wa mtoto. Nani kakosea, mimi au ubao?

Mstaafu wa Reli, Tabora
Waalaykum salaam dada yangu. Mtoto asifute, na wewe hukukosea. Kwa Kiarabu hapo pameandikwa ghazwa, yaani msafara aliotoka nao Mtume mwenyewe, wapigane wasipigane. Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, nayo ni ghazwa, na jeshi lilirudi bila vita. Sisi ndio tunaotafsiri zote "vita".

Ila nia ya safari ile ilikuwa Umra. Dhulqaada mwaka wa 6 (628), watu kama 1,400 ndani ya ihramu, yale mavazi ya ibada, ngamia wa kuchinja wana vigwe shingoni, panga ziko alani. Nimekagua tiketi miaka mingi treni ya Kigoma: abiria humjua kwa mzigo wake. Mwenye nyavu ni mvuvi hata akikwambia ni mwalimu. Maquraishi, wenye Makka yao, mzigo waliuona, na bado wakamtuma Khalid bin Walid, kabla hajasilimu, na wapanda farasi azibe njia. Mtume akapita njia ya mawe milimani, akatokea Hudaibiya.

Ilikaribia kuwa vita pale uvumi ulipokuja kwamba Uthman, aliyetumwa Makka kuzungumza, ameuawa. Watu wakala kiapo chini ya mti. Kumbe yu hai. Akaja Suhail bin Amr, mjumbe wa Maquraishi, wakaandikiana: miaka 10 bila vita, mwaka huu mrudi, mwakani mje siku tatu.

Sasa sikiliza, hiki ni chako. Mtume akawaambia inukeni mchinje, mnyoe. Mara tatu. Hakuinuka hata mmoja, walivyokuwa na uchungu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Mama yule akamwambia: toka, usiseme na mtu, chinja ngamia wako, mwite kinyozi wako. Akafanya vivyo hivyo. Walipomwona, wote wakainuka, wakaanza kunyoana.

Kijana wa Gungu
Mzee shikamoo. Babu yangu aliporudi Umra alisema kwenye tawafu, kuizunguka Kaaba, mizunguko mitatu ya mwanzo wanaume huenda mbiombio. Inahusiana na haya?

Mstaafu wa Reli, Tabora
Marahaba. Inahusiana sana. Mwaka wa 7 walirudi kuilipa Umra ile. Maquraishi wakawa wanawatazama kutoka mlimani, wanasemezana kwamba homa ya Yathrib, yaani Madina, imewamaliza. Mtume akaamuru: nendeni mbiombio. Pale Kaaba ilipowakinga wasionekane, walitembea taratibu wapumue! Miaka mingi baadaye khalifa Omar alijiuliza, mbio hizi za nini tena na washirikina hawapo? Akajijibu kwamba jambo alilolifanya Mtume hapendi kuliacha. Wanawake hawaendi mbio, mwambie bibi asije akahangaika.

Mstahiki, Mwanga
Mzee umesahau kwamba mkataba haukufika hiyo miaka 10. Kabila la Banu Bakr, washirika wa Maquraishi, liliwashambulia kabila la Khuzaa waliokuwa upande wa Mtume. Ramadhani mwaka wa 8 akaingia Makka na watu 10,000.

Mstaafu wa Reli, Tabora
Sijasahau, kidole kimechoka.

Mama Dagaa, Kibirizi
Allah awalipe. Mtoto kaandika kwa penseli pembeni: "ghazwa, walikwenda Umra". Baba yake nimemsomea kipande cha Ummu Salama, mara mbili. Hakujibu, ameenda kushona magunia.