MREJESHO: Katuni ya watoto wanaogeuka viumbe wa bahari, picha sasa zimetulia

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini katuni ya vikaragosi vya karatasi, inayopigwa kwa simu picha moja moja, inapepesa mwanga, na kwa nini mtoto anapogeuka pweza anaonekana kubadilika ghafla tu.

Mwanga: simu ilikuwa inajirekebisha yenyewe kila wingu linapopita dirishani, na Dar mawingu hayaishi. Funga pazia, washa taa mbili za LED pembeni kwa nyuzi 45, kisha weka kwa mkono ISO 100 (kiasi simu inavyohisi mwanga), kasi ya shata 1/50 (kila picha inapokea mwanga kwa sehemu ya 50 ya sekunde) na rangi ya mwanga, ili simu isijibadilishie. Umeme wetu ni 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa hupepesa kwa kufuata mawimbi hayo; ndiyo maana 1/50 inatulia.

Kugeuka ndiko kwenye utamu. Pweza ana mikono minane, mtoto ana viungo vinne. Basi kila kiungo kinapasuliwa viwili. Kwa picha 12 kwa sekunde, mageuzi ya sekunde 2 yanataka picha 24: 4 za kujikunyata, 14 za kupasuka na kurefuka, 6 za kutulia. Mdogo wake anakuwa kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota: kichwa, mikono, miguu, ncha tano tayari! Macho yasibadilike hata kidogo, maana ndiyo yanayomtambulisha mtoto.

Karatasi nyembamba hujikunja kwa unyevu wa pwani. Tumia manila, ilaze chini ya kioo cha milimita 3. Kioo kikiakisi taa, zishushe taa zaidi. Na futa alama za vidole kabla ya kila picha, la sivyo bahari inaota madoa.