Naomba ushauri: neno moja la Kiholanzi lenye silabi kumi linanitoa jasho

MgeniRotterdam: Wanajamvi, habari zenu. Maneno marefu ya Kiholanzi yananishinda, hasa arbeidsongeschiktheidsverzekering, yaani bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Nilikate wapi, na mkazo niuweke wapi?

BintiPangani: Kabla ya kuhesabu silabi, tafuta viungo: arbeids, ongeschiktheids, verzekering. Hizo s ni gundi tu, nazo hubaki na neno la kushoto. Mkazo mkuu huangukia AR, mwanzoni kabisa. Sisi Waswahili tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana utajikuta unasema verzeKEring badala ya verZEkering.

MzeeUtrecht: Mimi niliwahi kuagiza BALletje, kibonge cha nyama, nikatamka balLETje. Muuzaji akaniuliza kama nimekuja kucheza dansi.

Ustadhi: Salamu za jirani hamjazijua, mnakimbilia bima.

BintiPangani: Mleta mada, neno hilo halisikiki sokoni. Unalitakia nini?

MgeniRotterdam: Keshokutwa nina usaili wa kazi ya kupokea simu katika ofisi ya bima, na kwenye maombi niliandika kwamba ninazungumza kwa ufasaha. Si uongo mkubwa, kwa sababu ninaelewa kila ninachoambiwa. Tena nimeshaandika kadi arobaini zenye mkazo wa Kiswahili, na sioni haja ya kuanza upya, maana watanielewa tu.

BintiPangani: Kadi hizo zitakuangusha pande zote mbili, kwani hospitali ni ZIEkenhuis, si zieKENhuis, ilhali ofisi za manispaa ni stadHUIS, neno linalovunja hata kanuni niliyokupa ya mkazo mwanzoni. Kwa burgeMEESter, yaani meya, utapatia, lakini kwa bahati.

MpitaNjia: Hii ni chai. Ofisi inayoajiri mpokea simu haiwezi kumwita mtu kwenye usaili kabla ya kumsikiliza kwa simu. Nashuku huyu ni mwalimu anayetutega, na kesho atatuuliza kama kwartslagen ni robo za mzunguko, kwart-slagen, au ni matabaka ya jiwe la kwatzi, kwarts-lagen.

MgeniRotterdam: Si chai, ndugu yangu. Walipiga simu wiki iliyopita, akapokea mdogo wangu aliyekulia hapa. Sauti zetu zinafanana.

MpitaNjia: Sasa nimeamini.

BintiPangani: Basi mpe mdogo wako hizo kadi usiku huu huu, azisome kwa sauti, nawe umrekodi.