Mtoto wa Kizingitini ANAVISHWA LAIFUJAKETI mbele ya wageni. Mimi!

Mwana_wa_Mwamba ameanzisha uzi:

Wadau, salaam zitakuja baadaye, kwa sasa nawaka. Nimeshuka jetini sasa hivi, chumvi iko masikioni, hata nguo sijabadilisha.

Yule jamaa mnamjua. Jina sitaji kwa sababu mamake ni mtu wa heshima na ami yake tunaswali naye safu moja. Ni yule wa kofia ya nahodha yenye nanga ya dhahabu, wakati nahodha mwenyewe wa ile yoti anajifunga kilemba cha taulo. Mshamjua. Basi huyo ndiye aliyenivisha laifujaketi. MIMI. Mtu wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate, ambako mtoto anazamia kabla hajajua alifu na be.

Alinipigia simu mwenyewe, kwa sauti ya asali, nije niwe rubani wake. Niwatoe wageni hapa Amu (Lamu mjini), niwapeleke Kiwayu, tupande juu upande wa Kiunga, na nizamie nao mwambani. Tangazo alilosambaza linasema "safari ya kuzamia kwa pumzi na kuvua kwa mkuki katika visiwa ambavyo hajawahi kufika mtu". Ndau, kimoja cha visiwa hivyo, kuna msikiti, kuna shule, kuna watu wanadaiana tangu enzi za mababu, lakini hajawahi kufika mtu.

Kwanza alitaka tupite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Yoti ina mkuku mrefu, maji yanakupwa, yeye ananionyesha simu: "Hapa ramani imeandika buluu." Nikamwambia bwana, Mkanda hata boti ya Faza inasubiri maji. Tukazunguka nje ya Manda. Nadhani chuki ilianzia hapo. Au kwenye bunduki, sijui.

Maana wageni walifungua masanduku na ndani mna bunduki za samaki, zile za mpira, mpya, bado zina karatasi za dukani. Nikamvuta pembeni, kwa adabu, nikamnong'oneza kuwa bunduki ya samaki imepigwa marufuku Kenya tangu 2001, pamoja na juya, na huko tunakokwenda ni hifadhi ya bahari tangu 1979. Akanijibu kwa sauti ya muadhini: "Wewe umeitwa kuonyesha njia!" Bahati nahodha naye alikataa katakata, bunduki zikarudi sandukuni. Uso wa jamaa ukachacha mpaka Kiwayu.

Sasa sikilizeni. Tumetia nanga karibu na mwamba. Kaskazi imelegea, maji unaona mpaka chini. Nimevua shati. Nimetemea mate kioo cha miwani nikakisugua. Nimejaza kifua. Mguu mmoja uko hewani, WALLAHI MGUU MMOJA UKO HEWANI, namsikia nyuma yangu anapiga makofi: "Subiri, subiri! Huyu avae laifujaketi. Sitaki maiti kwenye safari yangu."

Mbele ya wageni. Mbele ya mpishi. Mbele ya yule dada wa kamera.

Na akanivisha kwa mkono wake. Akanifunga ile kamba inayopita katikati ya mapaja, akaikaza, akanipiga bega. Rangi ya chungwa. Ina filimbi.

INA FILIMBI.

Mkidhani imeisha, haijaisha. Nimeingia majini, sizami hata nikitaka, nikijaribu kichwa ni makalio yanayobaki juu. Akawaambia wageni: "Mkitoka chini mtafuteni huyu, ndiyo alama yetu." Mchana kutwa! Naelea juu ya mwamba ambao babu yangu alikuwa akitia pweza kwenye matundu, kamba mawe wanatoka mbio kwa hofu, anawaokota. Leo mjukuu yuko juu, ni alama. Kuna tewa mmoja alipita chini akasimama akanitazama. Nina hakika ukoo wetu anaujua.

Na huku jamaa anawafundisha wageni wapumue haraka haraka, hu-hu-hu-hu, kabla ya kuzama, eti wanajaza hewa. Hakuna hewa ya ziada inayojaa hapo! Unachofanya ni kufukuza ile kaboni dioksidi inayomshtua mtu akasikia kiu ya pumzi. Unakaa chini umestarehe, oksijeni inaisha kimyakimya, na ukipanda, shinikizo likipungua, fahamu zinakatika mita chache tu kabla ya kutoka. Watu wamekufa hivyo wakiwa wazima kabisa, waogeleaji hodari. Na aliwashusha wote pamoja, hakuna aliyebaki juu kumwangalia mwenzake! Nikapiga kelele wasifanye. Hawakusikia. Nikapuliza filimbi.

Wakanipungia mkono.

Picha ameshaiweka WhatsApp. Mimi, chungwa, na mdomoni filimbi.

---

KusiKali: Picha tafadhali.

BintiShela: Nimeiona. Chungwa inakutoa, kaka. Usiivue.

Mwana_wa_Mwamba: Dada, mimi sina mzaha leo.

BintiShela: Hata mimi sina. Ile kamba ya mapaja ndiyo sijaielewa, mbona imekazwa hivyo?

Mla_Mofa: Kizingitini gani unayoisema? Si mlihamia Langoni hapa Amu ukiwa darasa la pili? Bahari yako ni ile ya jetini, ukirusha mawe.

Mwana_wa_Mwamba: Damu haihami.

Mla_Mofa: Damu imevaa laifujaketi.

Ami_wa_Mkomani: Wanangu, huyo mimi namyua. Ati yeo ndiye mwalimu wa bahari! Mimi kwa mato yangu nalimtoa pale Shela, mai ya magoti, yuwalia amwita mamake.

Mwana_wa_Mwamba: AMI ASANTE. Mmesikia? Maji ya magoti! Halafu anakuja kunivisha MIMI, mguu mmoja uko hewani!

Ami_wa_Mkomani: Nawe pia nalikutoa. Mwaka ule ule.

KusiKali: 😂😂😂 uzi ufungwe hapa hapa.

Punda_Mkongwe: Ngoja kwanza. Ulipanda yoti yenye bunduki haramu, ukaelekea nayo hifadhini, na kinachokuuma ni filimbi? BMU, wale wasimamizi wa ufuo, wangewakuta ungewaambia nini?

Mwana_wa_Mwamba: Bunduki hazikugusa maji. Nimesema zilirudi sandukuni. Someni kabla ya kujibu. Laifujaketi ndiyo iliyogusa maji.

Daktari_wa_Baraza: Tuongee sayansi kidogo. Mwaka 2018 ulitoka utafiti kuhusu Wabajau wa Indonesia, watu wanaoishi kwa kuzamia. Ukawakuta bandama zao ni kubwa kwa kiasi cha nusu kuliko za majirani zao wakulima. Mtu akizama bandama hujikaza ikasukuma damu yenye oksijeni mwilini. Huenda na sisi Wabajuni wa visiwa hivi tunayo hiyo.

Mla_Mofa: Wewe kilichokua si bandama. Tulikuona juzi kwenye biriani.

Daktari_wa_Baraza: Ujinga huu ndio unaotuchelewesha.

BintiShela: Wabajau na Wabajuni umewaunganisha kwa herufi tano za mwanzo, daktari?

Mtu_wa_Malindi: Kuna Mwaustria mmoja, Herbert Nitsch, alishuka mita 214 kwa pumzi moja mwaka 2007, kwa kifaa cha kumteremsha. Kuna mtu alimvisha laifujaketi?

Mwana_wa_Mwamba: Asante ndugu wa Malindi! Huyu ndiye mtu mwenye akili hapa. Ndicho ninachosema tangu mwanzo!

Mtu_wa_Malindi: Mwaka 2012 akataka kupita hapo, mita 253. Akapata kiharusi. Vaa tu, kaka.

Mwana_wa_Mwamba: Natoa asante yangu.

KusiKali: Malipo je? Alikulipa?

Mwana_wa_Mwamba: Hilo si hoja. Hoja ni heshima.

KusiKali: Kwa hiyo alikulipa.

Mwana_wa_Mwamba: Nusu.

KusiKali: Nusu ya urubani au nusu ya alama? Maana hizo ni kazi mbili, udai zote.

Sufuria_Nzito: Nusu umeshukuru? Mimi nilipika kwenye yoti hiyo hiyo, kwa mtu huyo huyo. Nimekuna nazi mpaka kiganja kimetoka malengelenge. Wageni wakasifu wali, yeye akasema "ni mapishi ya nyanya yangu, huyu ananisaidia kukoroga." KUKOROGA. Wali wa nazi unakorogwa?

BintiShela: Subhanallah. Hii ndiyo dhulma sasa.

Mla_Mofa: Hii imezidi laifujaketi.

Mwana_wa_Mwamba: Haijazidi! Wewe Sufuria ulifungwa kamba mapajani? Uliwekwa alama? Ulikuwa na mguu hewani?

Sufuria_Nzito: Nilikuwa na mkono motoni.

Punda_Mkongwe: Kofia ile aliazima kwa binamu yangu akiwa anaenda harusi. Hajairudisha. Nikiiona kwenye picha napandwa na presha.

Msimamizi: Wadau, uzi haujataja jina na uendelee hivyo hivyo. Mambo ya kofia yanakaribia kuwa jina.

Mwambao_Mpya: Samahani, mimi mgeni humu. Ni yule wa kofia au yule wa pikipiki ya maji aliyewalowesha wazee wakitoka kuswali?

BintiShela: Ni mmoja.

Mwambao_Mpya: Oh.

Tundu_la_Kamba: Nyinyi mnalilia filimbi. Sisi huku Kizingitini, wale tunaoishi huko kweli, kamba mawe akitoka na sharubu iliyokatika bei inashuka papo hapo. Mnunuzi anamgeuza, anamwangalia, anasikitika kidogo, kisha anakutajia pesa ya kununulia sigara. Hotelini anakatwa vipande, sharubu zinatupwa! Mgeni analipa sharubu?

KusiKali: Na mizani yao je. Mizani ile ukipanda wewe mwenyewe unakuwa mtoto mchanga.

Tundu_la_Kamba: Kusi likiingia hata kuzama huwezi, maji yote tope. Ndiyo miezi ya kula deni. Halafu mtu anakuja hapa na picha ya chungwa.

Mwana_wa_Mwamba: Jamani, hiyo fungueni uzi wenu.

Tundu_la_Kamba: Wewe ulijuaje njia ya mwambani kama si sisi? Mara ya mwisho ulipokuja huku ulilala kwa mashua ukiwa umefunika uso.

Mwana_wa_Mwamba: Nilikuwa nasoma nyota.

Tundu_la_Kamba: Saa sita mchana.

Punda_Mkongwe: Mkianza mambo ya wavuvi msisahau fidia ya bandari ya Lamu. Mahakama Kuu pale Malindi iliamua mwaka 2018: shilingi bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya 4,000. Maeneo ya kuvulia yamechimbwa, mikoko imekatwa. Jirani yangu aliyekuwa hajui hata chambo ni nini alijiandikisha mvuvi mchana huo huo.

Sufuria_Nzito: Usiniguse kwa fidia mimi. Mume wangu amevua tangu hana ndevu, jina lake liliandikwa kimakosa, na kurekebisha herufi moja imekuwa safari ya Makka.

Mla_Mofa: Herufi gani?

Sufuria_Nzito: Wameandika H badala ya Kh. Wanasema ni mtu mwingine.

Daktari_wa_Baraza: Kisheria ni mtu mwingine.

Sufuria_Nzito: Wewe kaa na bandama yako.

Mwana_wa_Mwamba: Narudia: mbele ya wageni, mbele ya mpishi, mbele ya dada wa kamera...

BintiShela: Tumesikia, kaka. Sufuria, mpeleke mumeo na cheti cha kuzaliwa na kile cha ndoa, vyote viwili. Shemeji yangu alikwama hivyo hivyo.

Sufuria_Nzito: Cheti cha ndoa kiko Faza kwa mama mkwe. Natuma ujumbe hajibu. Boti ya kesho inaondoka saa ngapi?

KusiKali: Inategemea maji.

Sufuria_Nzito: Najua inategemea maji. Saa ngapi?

Tundu_la_Kamba: Kesho bamvua, maji makubwa, watatoka mapema wawahi Mkanda. Uwe jetini alfajiri.

Punda_Mkongwe: Alfajiri watakwambia wanasubiri gunia za mtu.

Mla_Mofa: Za nani?

Punda_Mkongwe: Zangu.