Miungu waovu na wafuasi wao: tuwape nafasi gani katika ulimwengu wa mchezo?

Msimulizi wa Nyawera (Bukavu)

Salamu kwenu nyote. Meza yetu ya mchezo wa kuigiza, ambako mimi husimulia, kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, ina wachezaji watano, na tunakutana kila Jumapili mchana kwenye baraza ya nyumbani kwetu. Kampeni yetu ya kwanza, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, imekwisha, na sasa tunajenga ulimwengu wetu wenyewe, lakini tumekwama kwenye swali la miungu waovu. Kwa muda mrefu niliendesha mambo kwa njia moja tu: wahusika wanaingia pangoni, wanawakuta watu wenye kanzu nyeusi wakizunguka madhabahu, wanawaua wote, kisha wanagawana dhahabu. Jumapili iliyopita mchezaji wetu mdogo kuliko wote, binti wa miaka 16, alifumbata dadu ya pande 20 bila kuirusha, akaniuliza: «Huyu ninayetaka kumpiga, alimwomba mungu wake nini?» Nilikosa jibu, na mchezo ukasimama hapo.

Nimelinganisha dunia kadhaa zilizochapishwa, nikaona njia tatu. Ya kwanza ni ile ya Faerûn, bara la Forgotten Realms, ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons uliotolewa mwaka 1987, ambako Bane, Bhaal na Myrkul, binadamu walioachiwa enzi na Jergal aliyekwisha kuchoka nayo, ni maadui wa wazi wenye makuhani na majeshi. Ya pili imo humo humo Faerûn: Umberlee, mungu wa kike wa bahari, hapendwi na mtu, lakini baharia humpa sadaka ili afike salama. Glorantha, ulimwengu wa Greg Stafford, una Malia, mama wa maradhi, ambaye wengine humwabudu kwa moyo na wengine humpa chake ili apite mbali na nyumba zao. Ya tatu ni ya Eberron, ulimwengu alioubuni Keith Baker na uliotoka mwaka 2004: miungu haijitokezi, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba wapo, na kuhani wa mungu mwema anaweza kuwa mtu mwovu kabisa na bado nguvu zake zikafanya kazi. Mimi ninavutiwa na njia ya pili, ila naogopa kwamba mchezo utakosa adui. Ninyi mnaonaje?

Dadu Ishirini (Goma)

Ndugu Msimulizi, naomba nitetee njia ya kwanza kabla haijazikwa. Wachezaji wangu wanaishi katika mji ambao kila siku mtu hujiuliza nani yuko upande gani na kesho itakuwaje. Wanapoketi mezani kwangu wanahitaji, kwa saa tatu tu, adui anayejulikana kuwa ni adui, na mimi sioni kosa lolote katika kuwapa pumziko hilo.

Isitoshe, adui wa wazi si lazima awe mtupu. Mtazame Lolth, malkia wa buibui, naye ni mungu wa kike wa Faerûn, na mji wa Menzoberranzan ulio chini ya ardhi. Dini yake ndiyo sheria ya mji: nyumba kubwa huongozwa na makuhani wanawake, na nyumba inayoiangamiza nyumba nyingine haiadhibiwi ikiwa hakubaki mtu wa ukoo ule wa kusimama na kushtaki. Hapo uovu umekuwa utaratibu wa maisha, na mtoto analelewa ndani yake. Kwa hiyo swali la binti yule lina jibu hata katika njia ya kwanza, yaani mfuasi wa Lolth anaomba asiwe yeye atakayeangushwa kesho. Udhaifu wa meza nyingi ni kwamba msimamizi anachora madhabahu na kusahau mji.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nina neno zito kidogo, na ninawaomba mnivumilie. Hofu yangu kubwa ni ile picha ya mfuasi wa siri, jirani anayecheka nawe mchana na kumtumikia pepo usiku. Kwingineko hiyo ni hadithi tu. Katika nchi yetu, watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, hadi sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 ikalazimika kutaja jambo hilo na kuliwekea adhabu. Mimi hufundisha watoto, na mmoja wa wachezaji wangu alilala nje miezi kadhaa kwa sababu ya shutuma ya namna hiyo. Siwezi kumwekea mezani kijiji ambacho kazi ya shujaa ni kunusa nani ana mungu mbaya moyoni na kumtoa nje.

Mchezo wenyewe wa Dungeons & Dragons nao uliwahi kushutumiwa hivyo hivyo. Miaka ya 1980, huko Marekani, wazazi na wahubiri walidai kwamba unafundisha ibada za shetani, na toleo la pili la mwaka 1989 likayaondoa maneno ya mashetani, na baadaye yakawekwa majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu. Wachezaji waliokuwa wakirusha dadu vyumbani mwao walionwa kama sisi tunavyowaona wale wenye kanzu nyeusi pangoni.

Kwa hiyo ninapendekeza njia ya nne, ya Cheliax, nchi katika Golarion, ulimwengu wa mchezo wa Pathfinder. Huko kanisa la Asmodeus, mungu mwovu wa mikataba, linashikamana na dola, na ibada yake hufanyika hadharani, kwa mikataba. Mezani kwangu mfuasi wake ni karani. Ana wino kwenye kidole gumba, ana mhuri unaovuja, na kila asubuhi ananakili mikataba ya watu waliotia roho zao rehani. Alikula kiapo ili deni la kaka yake lifutwe. Wachezaji walimfahamu kwa vikao vinne kabla ya kusoma kile alichokuwa akinakili. Hawakumpiga, walikaa naye wakatafuta kifungu cha kuuvunja mkataba, na kikao kile kilikuwa kigumu kuliko pigano lolote.

Dada wa Himbi (Goma)

Mwalimu amenigusa, lakini ningependa kurudi kwenye njia ya pili, kwa sababu Ndugu Msimulizi anachanganya watu wawili. Anayetoa sadaka kwa hofu si mfuasi. Sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida; haina rangi wala harufu. Niliwahi kumwona mbuzi amelala kwenye shimo dogo, miguu imekunjwa vizuri, majani bado mdomoni, na mwenye mbuzi amesimama ukingoni bila kushuka. Katika kampeni yangu shimo kama lile lina mungu. Kijiji kizima huacha chakula ukingoni, na hakuna hata mmoja anayempenda mungu huyo. Mfuasi ni yule mmoja anayejua shimo lilipo na kumwelekeza mgeni njia hiyo. Tofauti hiyo ndiyo inayokupa adui, bila kukigeuza kijiji chote kuwa cha waovu.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Kwa ufupi: msisahau Krynn, ulimwengu wa Dragonlance. Kuhani-Mfalme wa mji wa Istar alitaka kuufuta uovu wote duniani, hata ule wa mawazoni, na miungu wakaangusha mlima wa moto juu ya mji wake. Mimi siipendi sana ile fikra ya mizani, kana kwamba wema hauwezi kuishi bila ubaya, lakini hofu ya Mwalimu nimeiona humo.

Msimulizi wa Nyawera (Bukavu)

Asanteni sana. Umeme ulikatika jana usiku, nikaendelea kuwasoma kwa simu mpaka chaji ikaisha.

Nimeamua hivi. Ulimwengu wetu utakuwa na ziwa, na ziwa litakuwa na mungu wa kike. Kabla mashua haijang'oa nanga, kila abiria hutoa konzi ya mahindi, na wahusika wetu watatoa pia. Mfuasi wa kweli ni mmoja: mwanamke anayeyapokea mahindi hayo gatini. Mume wake alizama na mwili haukuonekana. Ameahidiwa kwamba atarudishiwa mumewe zikizama mashua saba zilizokosa sadaka, kwa hiyo anayaficha mahindi badala ya kuyamwaga majini. Mashua tano zimekwisha zama. Wachezaji watafika wakati ya sita inapakiwa.

Dada, naomba ruhusa ya kulitumia shimo lako upande wa pili wa ziwa. Nawe Mwalimu, nina swali. Watu wa gatini wamekwisha kumtupia lawama mvulana yatima aliyeokoka kwenye mashua ya tatu. Nitawaonyeshaje wachezaji kwamba wamekosea, bila kuwaambia?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Mpakie huyo mvulana kwenye mashua ya sita, na mwanamke amwone akipanda.