Siku mbili Bosnia: ćevapi, burek au vyakula vya sufuria?

Mtoto_wa_Matrah
Wakuu, salaam. Kesho nakata tiketi ya Bosnia, siku mbili tu. Naumiza kichwa na vitu vitatu: ćevapi, burek, au vyakula vya sufuria. Tumbo ni moja. Nianze na kipi, na nilale mji gani?

Bi_Kidawa
Swali nusu, jibu nusu. Unakula halali tu au chochote? Una gari? Ukitoka huko unapitia nchi gani? Ukikaa kimya tutakuwa tunapiga ramli.

Makaa_Mekundu
Hata akikaa kimya, jibu ni ćevapi (soma "chevapi"). Kababu ndogo za ukubwa wa kidole, nyama ya ng'ombe, mara nyingine na kondoo kidogo. Usitafute bizari wala kotmiri humo, ladha ni nyama, chumvi na moshi. Sarajevo zinakuja ndani ya somun, mkate wa chachu uliopashwa juu ya jiko lile lile hadi unywe mafuta. Ukisema "pet" unapata tano, "deset" kumi. "Deset u pola" ni kumi ndani ya nusu mkate, kwa anayetaka nyama kuliko ngano. Kitunguu kibichi kinakuja pembeni. Omba kajmak, kitu cha jamii ya malai chenye chumvi, na gilasi ya mtindi mwepesi. Tomato sosi usiombe, utatazamwa.

Mjini Banja Luka wanazishikanisha nne nne kama kigae. Mjini Travnik mkate unapitishwa kwanza kwenye mchuzi wa mifupa. Mimi nampa Travnik namba moja.

Sinia_la_Shaba
Kababu hata Muscat zipo, mkuu. Atafute burek. Unga unavutwa juu ya kitambaa mezani mpaka unaona ng'ambo, unatandazwa nyama iliyokatwakatwa na kitunguu, unakunjwa kama kamba, kisha unazungushwa kwenye sinia. Asome kibao: "ispod sača" maana yake umeokwa chini ya kifuniko cha chuma chenye makaa juu. Hapo juu panakauka na kuvunjika, chini panabaki laini. Jiko la umeme halitoi kitu hicho.

Kopo_la_Chai
Burek ya jibini nayo ni tamu sana, ajaribu.

Sinia_la_Shaba
Astaghfirullah. Bosnia burek ni ya nyama PEKE YAKE. Ya jibini inaitwa sirnica, ya spinachi na jibini zeljanica, ya viazi krompiruša. Zote kwa jumla ni pita.

Kopo_la_Chai
Mbona Serbia na Croatia wanaiita burek na wanaila?

Sinia_la_Shaba
Aende Serbia basi.

Bi_Kidawa
Mkimaliza kugombana mwambieni pita hupimwa kwa kilo. Bei ya ubaoni mara nyingi ni ya kilo nzima, asishtuke. Gramu 250 zinamshibisha mtu mzima. Na aende asubuhi. Iliyokaa kwenye kabati la joto hadi alasiri inatoa maji: mvuke unarudi kwenye unga, juu panakuwa kama ngozi ya ngoma iliyonyeshewa, chini mafuta yameganda. Wengi wanaosema burek ni nzito wamekula ya saa tisa alasiri.

Mtoto_wa_Matrah
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Halali tu. Sina gari. Ni Septemba. Nafikia Sarajevo, natoka kwa basi kwenda Dubrovnik, Croatia, ndege ya kurudi iko huko.

Bi_Kidawa
Sasa umesema. Lala Sarajevo, sahau Travnik. Baščaršija, mji wa kale, nyumba nyingi za chakula haziuzi nguruwe wala pombe kabisa, ila uliza kila mahali. Maneno ya kukariri: govedina ni ng'ombe, teletina ndama, janjetina mwanakondoo, piletina kuku. Svinjetina ni nguruwe, slanina ni nyama yake ya mafuta iliyokaushwa kwa moshi. Ukiona "mast" kwenye kitafunwa uliza, maana inaweza kuwa mafuta ya nguruwe.

Kwa vyakula vya sufuria ingia aščinica (soma "ashchinitsa"), mgahawa ambao vyakula vimepangwa mbele yako nawe unanyoosha kidole. Fika kabla ya saa saba mchana, vizuri huisha mapema. Agiza "sarajevski sahan": sahani moja yenye sogan-dolma, yaani vitunguu vilivyojazwa nyama na mchele, pamoja na dolma nyingine. Hapo umeonja vitu kadhaa kwa tumbo moja. Begova čorba usiiache, supu ya kuku na bamia ndogo zilizokaushwa kwenye uzi. Wakikosea, inakuwa mrenda. Wajuao huzilowesha kwanza kwenye maji ya siki au ndimu.

Halafu kuna mtego wa jina: "sitni ćevap" si kababu, ni mchuzi wa vipande vya nyama.

Makaa_Mekundu
Sahani, bamia, sinia, finjani, sharubati… wao wanasema sahan, bamija, sinija, fildžan, šerbet. Na tufahija ni tufaha lililochemshwa kwenye shira na kujazwa jozi. Menyu ya Sarajevo Mswahili anaisoma nusu bila mkalimani.

Forodha_Kavu
Hakuna aliyemwambia la mpaka. Bosnia haimo Umoja wa Ulaya, Croatia imo. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja haviingii, hata vya kula mwenyewe, hata vikiwa vimefungwa dukani. Kisa cha kawaida ni hiki: watu wanne wananunua sudžuk (soseji kavu), nyama kavu na jibini la Travnik, kila mmoja kilo zake. Kwenye basi wanaweka chini ya nguo. Mpakani wanashushwa, mabegi yanafunguliwa, kila kitu kinaingia pipani. Basi zima linasubiri, abiria wananuna, na faini inaweza kufuata. Kusema "sikujua" hakusaidii, tangazo limebandikwa ukutani. Kula jibini lako Sarajevo. Beba lokum (vitamu laini vya sukari), kahawa na baklava isiyo na malai.

Kopo_la_Chai
Boza je? Ya mahindi yaliyochachushwa, karibu na togwa yetu.

Bi_Kidawa
Ikichacha ina kilevi kidogo, aamue mwenyewe. Ainywe baridi, na iwe ya siku ile ile.

Sinia_la_Shaba
Mmesahau kahawa, na msiniambie ni ya Kituruki. Mturuki anatia kahawa kwenye maji baridi na kuchemsha pamoja. Mbosnia anachemsha maji kwanza, anatoa kidogo pembeni, anatia kahawa iliyosagwa kama poda, vijiko viwili vya chai kwa finjani mbili, anarudisha motoni mpaka povu lipande, kisha anaongeza yale maji ya pembeni ili mashapo yashuke. Povu unaligawa kwa kijiko kwanza, ndipo unamimina taratibu. Sukari ya donge unachovya na kung'ata, hukorogi. Ukikoroga unanyanyua tope.

Mtoto_wa_Matrah
Basi nikanunue na ile birika ya kahawa yenyewe. Ya shaba ni ipi nzuri?

Makaa_Mekundu
Mtaa wa Kazandžiluk. Tazama ndani: lazima iwe imepakwa bati, rangi ya fedha. Ikiwa shaba tupu ndani, ni ya kutundika ukutani. Ya finjani mbili inakutosha, kubwa ukipikia kidogo povu halipandi.

Kopo_la_Chai
Jiko lako ni la gesi au la induksheni, lile la umeme linalopasha kwa sumaku? La induksheni halishiki shaba.

Mtoto_wa_Matrah
Induksheni 😩